Karo la nyumbani au bomba la majitaka la mamlaka: pima kwanza ndo uchague (kwa wenye nyumba Mbeya, Iringa na nyanda za juu kusini)

Kamwene ndugu wa Iringa na Njombe, mugonile wa Mbeya na Rungwe. Hii naandika kwa wenye nyumba wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe ambaye mtaa umeshachimbwa mtaro, bomba la majitaka limepita mbele ya geti, umeletewa karatasi ya kukutaka uunge nyumba yako, na wewe una karo (tangi la septiki) nyuma ya nyumba halijawahi kukusumbua na unajiuliza hela nyingine inatoka wapi. Wa pili ni wewe umenunua kiwanja pembeni huko, Kitwiru au Uyole au Iwambi, bomba halijafika na hujui litafika lini, na fundi anakuambia bosi tuchimbe shimo moja refu tulifunike, yaishe.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninapoelekea. Kama bomba limefika na nyumba yako iko juu kuliko bomba, unga, hata kama karo lako bado zima. Kama halijafika, jenga karo la kweli lenye vyumba viwili, usikubali shimo. Na kabla ya kumsikiliza fundi au jirani kuhusu bei, kuna vitu viwili vya kupima mwenyewe, levo ya kiwanja na udongo wake, maana kwa milima yetu hii hivyo viwili vinaweza kukata shauri lote kabla hujatoa hata shilingi.

Nianze na upande wa sheria uishe. Majitaka ya mjini yako chini ya mamlaka za maji, yaani IRUWASA kwa Iringa, Mbeya WSSA kwa Mbeya, NJUWASA kwa Njombe, na sheria wanayofanyia kazi ni Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Bei wanazotoza hawajipangii wenyewe, zinapitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Alafu kuna afisa afya wa halmashauri, huyu ana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na anaweza kukufuata hata kama hujawahi kuwa na bili ya majitaka, ikiwa tu maji yako yanatiririka nje. Kwaiyo notisi usiichane wala usiiweke juu ya kabati. Nenda nayo ofisini ukaulize: mwisho wa kuunga ni lini, wanatumia kifungu gani, menholi (shimo lenye mfuniko la kufikia bomba la barabarani) ya karibu na kwangu ni ipi, kipande gani cha bomba nalipia mimi na kipi ni cha mamlaka, na je naruhusiwa kulipa kwa awamu. Kama nyumba yako iko chini kuliko bomba sema hapohapo, omba fundi wao aje apime, na jibu lao liwe kwa maandishi. Mtu mwenye karatasi ya mamlaka inayosema nyumba yake haiwezi kuungwa kwa sasa ana amani kubwa kuliko mtu aliyekaa kimya.

Ulichonacho nyuma ya nyumba ni karo au ni shimo?

Hapa ndo watu wengi tunapotofautiana, maana mtu anasema nina septiki kumbe ana shimo la futi 20 lililojengewa tofali zilizoachiwa nafasi, juu slabu, basi. Hilo ni shimo tu. Kila kitu kinashuka humo na maji yote yanaingia ardhini yakiwa mabichi.

Karo la kweli halivuji popote, chini zege, kuta zimepigwa plasta ndani. Lina vyumba viwili, cha kwanza kikubwa kama theluthi mbili ya urefu, cha pili theluthi moja. Maji yakiingia yanatulia, kizito kinazama kinakuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu, na katikati yanabaki maji ambayo yanahamia chumba cha pili kisha yanatoka kwenda sokapiti, lile shimo la mawe ambako ndo yananywewa na ardhi. Bakteria wasiohitaji hewa wanakula lile tope polepole na kulipunguza. Hawalimalizi, wanalipunguza, ndo maana karo lolote lazima linyonywe siku moja. Na maji yanayotoka upande wa pili bado yana vijidudu vya kuharisha, macho yasikudanganye kwa sababu hayana vipande, kazi ya kuyasafisha inamaliziwa na udongo, na kama udongo hauwezi hiyo kazi basi hakuna anayeifanya.

Kuna jambo la kwetu ambalo vipimo vya Dar haviliangalii sana, nalo ni baridi. Wale bakteria wanafanya kazi vizuri kukiwa na joto, sasa Juni na Julai za Mbeya, Makete au Njombe unazijua, tope linaoza taratibu sana. Kwaiyo ukipewa ramani ya karo iliyochorwa kwa ajili ya pwani, ongeza ukubwa kidogo.

Kupima udongo

Usipime Septemba. Septemba kila udongo unakunywa. Pima Machi au Aprili ardhi ikiwa imeshiba mvua, na kama haiwezekani basi ushibishe mwenyewe kwa maji.

Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 hivi, kishuke mpaka kwenye udongo ule ambao sokapiti itategemea, sio ule mweusi wa juu wa kulimia mahindi. Kwangua kuta kidogo kwa kisu kwa sababu jembe linaulainisha udongo wa mfinyanzi na kuufunga. Mwaga maji mpaka kijae, kiache usiku kucha, asubuhi ongeza tena. Kisha weka maji ya kina cha sentimita 15, chomeka rula au kijiti ulichotia alama, na uangalie saa. Unachotafuta ni mda wa maji kushuka sentimita 2 na nusu. Ikichukua dakika tano, kumi, ishirini, udongo wako unafaa. Ikizidi saa nzima, sokapiti hapo haitafanya kazi, itajaa msimu wa kwanza wa mvua na maji yatatafuta njia ya juu. Na yakiondoka papo hapo, dakika haijaisha, usifurahi, maana yake yanapita kwenye kokoto za volkano au ufa wa mwamba bila kuchujwa na yanakwenda moja kwa moja kwenye maji ya chini.

Kwetu huku udongo hauko sawa hata ndani ya mtaa mmoja. Iringa una mwamba karibu sana na uso wa ardhi, pale Gangilonga jina lenyewe limebebwa na jiwe, unachimba mita moja unasikia sululu inalia. Sehemu nyingine ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Rungwe ni udongo wa volkano unaopitisha maji vizuri lakini Tukuyu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, kwaiyo ardhi haipati nafasi ya kukauka. Ukishuka Usangu ni mbuga nyeusi, inapasuka kiangazi na kujifunga masika. Kwaiyo jibu la jirani yako wa nyumba ya tatu sio jibu lako.

Alafu angalia visima. Sokapiti ikae angalau mita 30 kutoka kisima chochote, cha kwako na cha jirani, na chini yake kuwe na udongo mkavu wa mita moja na nusu au mbili kabla ya kufika maji. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 mita 30 hazipatikani ndani ya uzio wako, inabidi utoke ukaulize majirani visima vyao viko wapi. Hapo ndo ninaposema kwa uchungu kabisa, watu tunachimba kisima kona hii na shimo la choo kona ile, alafu jirani naye hivyohivyo ukuta kwa ukuta, na maji ya kisima tunaoshea vyombo na watoto wanakunywa. Kipindupindu kilipoanza Dar Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya nchi, na njia yake ni hii hii, kinyesi cha mtu kufika kwenye maji ya mtu mwingine.

Kwenye miteremko kuna kingine. Maji yakigonga mwamba au mfinyanzi hayashuki tena, yanatembea pembeni kufuata mlima. Niliwahi kuonyeshwa ukuta wa nyumba ya chini, kwenye mteremko Iringa, una mstari wa unyevu umenyooka kabisa urefu wa goti kutoka sakafuni, fundi akakwangua plasta kwa mwiko ikadondoka kama unga na harufu ikatoka hapohapo. Sokapiti ya nyumba ya juu ilikuwa hatua chache nyuma ya ukuta ule. Wale wa juu kwao kulikuwa kukavu na kusafi, hawakuwa na habari yoyote. Kama wewe ndo wa juu, jiulize kila masika chini yako kuna nani.

Kupima levo mpaka kwenye menholi

Hii ndo inayoamua kama unaweza kuunga, na watu wengi wanaamua kwa macho. Usitumie macho, barabara zetu zinadanganya, unaona kama kunashuka kumbe kunapanda.

Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi wanaotumia kusawazisha msingi, mita 15 au 20. Ujaze maji polepole mpaka mapovu yote yatoke, hii ni muhimu kweli, povu moja katikati linaharibu kipimo chote. Mmoja anashika ncha moja pale ambapo chemba (kishimo cha kukagulia bomba) ya mwisho ya nyumba yako itakaa, mwingine anashika ncha nyingine kuelekea menholi. Maji yakitulia, pande zote mbili yako levo moja, hiyo haina mjadala. Sasa kila mtu apime kwa tepu kutoka kwenye maji mpaka ardhini alipo. Tofauti ya vipimo viwili ndo tofauti ya mwinuko. Kama menholi iko mbali kuliko mpira wako, nendeni kwa hatua, weka kigingi, hamisha, jumlisha.

Tuseme upande wa nyumba maji yako sentimita 60 juu ya ardhi, na upande wa menholi yako sentimita 150 juu ya mfuniko. Maana yake mfuniko uko chini ya kiwanja chako kwa sentimita 90. Sasa unahitaji kujua bomba liko kina gani ndani ya menholi, hili muombe fundi wa mamlaka afungue apime, usifungue mwenyewe kwa sababu gesi iliyomo ndani inaua. Tuseme ni sentimita 140. Jumla bomba la mamlaka liko sentimita 230 chini ya ardhi ya kwako.

Upande wa pili wa hesabu, bomba la inchi nne linataka mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kama ni mita 40 mpaka menholi unahitaji sentimita 100. Na bomba linapotoka kwenye chemba ya nyumba tayari liko sentimita 50 chini. Jumla 150. Unazo 230, unahitaji 150, unaunga bila wasiwasi. Ingekuwa unahitaji 250 na unazo 230, hapo ndo mazungumzo mengine, labda kuunga kwenye menholi ya chini zaidi, labda kupitisha kwa jirani wa chini kwa makubaliano yaliyoandikwa na kushuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, labda kuinua bomba la ndani. Pampu naiweka mwisho kabisa, maana umeme ukikatika na choo kimekatika, na pampu za majitaka zinaziba kwa kitambaa kimoja.

Nyumba ikiwa juu sana pia kuna kazi. Usiachie bomba liporomoke kama mfereji wa mlimani, fundi ajenge chemba za kushusha kwa ngazi, bomba libaki na mteremko wake wa kawaida kati ya chemba na chemba. Na kama sakafu ya choo chako cha chini kabisa iko chini ya mfuniko wa menholi ya barabarani, weka valvu ya kuzuia maji kurudi, kwa sababu siku laini ya barabarani ikiziba, majitaka ya mtaa mzima yatatafuta shimo la chini kuliko yote na hilo shimo ni bafu lako.

Hesabu ya pesa, ya miaka kumi sio ya leo

Sitaandika bei hapa kwa sababu zinabadilika na kila mji una zake, ila nakupa namna ya kuzipanga.

Upande wa bomba: gharama ya kuunga unalipa mara moja, humo kuna bomba, chemba, fundi, na kama mtaro unakata barabara kuna kibali chake. Barabara za mtaani na za mjini nyingi ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ile kubwa inayokatiza Mbeya kwenda Tunduma ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na huwezi kuikata kienyeji. Uliza mapema kama kibali anahangaikia mamlaka au wewe. Baada ya hapo ada ya majitaka inakuja kwenye bili yako ya maji na kwa kawaida inapigwa kwa uniti za maji unayotumia. Uniti moja ni lita 1,000. Kwaiyo chukua bili zako za mwaka mzima, tafuta wastani wa uniti kwa mwezi, zidisha kwa bei ya majitaka ya mji wako, zidisha kwa miezi 120. Mwenye wapangaji sita na mwenye nyumba ya wazee wawili watapata majibu tofauti kabisa.

Upande wa karo: kujenga karo na sokapiti, kunyonya mara ngapi ndani ya miaka kumi, kujenga sokapiti nyingine maana sokapiti inaziba kwa mda na ikiziba haifufuki kirahisi, na lile ambalo hakuna anayeliweka kwenye hesabu, eneo. Karo na sokapiti vinakula sehemu ya kiwanja ambayo huwezi kujenga fremu wala chumba cha kupangisha. Kwa kiwanja cha Mwanjelwa au Miyomboni hiyo peke yake inatosha kumaliza ubishi.

Ukiona bomba linazidi kidogo kwa pesa, mi bado naunga. Majitaka ya bomba yanafika mahali panapojulikana, kwa Mbeya mabwawa yako Kalobe, yanapita bwawa hadi bwawa, la kwanza lina kina na halina hewa, yanayofuata ni mapana na ya kina kifupi, jua na mwani na mda vinaua vijidudu. Huko kuna mtu ameajiriwa kuyaangalia. Nyuma ya nyumba yako hakuna.

Ukiamua kuunga

Nenda ofisi ya mamlaka na kitambulisho, namba ya akaunti ya maji, na karatasi ya kiwanja au barua ya serikali ya mtaa. Watakuja kupima, utapewa makadirio, utalipa kwa kontroli namba. Sisitizo hapa: hela usimpe mtu mkononi hata kama amevaa fulana ya mamlaka, kontroli namba ndo risiti yako ya kesho. Usimruhusu pia fundi wa mtaani atoboe bomba la mamlaka usiku, likipasuka ni kesi na tundu lililotobolewa kwa nyundo linavujisha na kuziba milele.

Ndani ya uzio wako fundi ni wako. Simamia vitu hivi: kila kona ina chemba, kila mita 15 au 20 za mnyooko kuna chemba, chini ya chemba kuna mfereji laini wa zege unaoongoza maji sio sakafu bapa, na bomba limelala kwenye mchanga sio juu ya mawe. Kabla hajafukia, ziba mwisho wa laini, jaza maji, subiri nusu saa. Yakipungua kuna jointi inavuja. Fundi atakuambia anachelewa, mwambie asubiri.

Maji ya mvua usiyaingize humo. Najua ni rahisi, mfereji wa bati unashuka karibu na chemba na mvua za kwetu ni nyingi, lakini bomba la majitaka halikupimwa kwa mvua, na uani kwako kukiwa kukavu kuna mtu chini ya mlima choo chake kinatapika.

Ukiamua karo, au huna namna

Ukubwa kwanza. Tuseme nyumba ya watu 8 yenye vyoo vya kuflashi, weka lita 100 kwa mtu kwa siku, ni lita 800. Maji yakae humo siku mbili, lita 1,600. Tope weka lita 40 kwa mtu kwa mwaka, ukinyonya kila miaka mitatu ni 960. Jumla kama lita 2,560, na kwa baridi yetu peleka 3,000 na zaidi kidogo. Ndani karo la urefu wa mita 2.4, upana 1.1 na kina cha maji 1.2 linakupa kama lita 3,170. Hicho ni kina cha maji, juu yake acha sentimita 30 za hewa.

Bomba la kuingia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7. Kote kuwili weka tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) inayoshuka ndani ya maji, ya kuingilia ili maji yasipige tope, ya kutokea ili mafuta yanayoelea yasitoke. Hii tii ya kutokea ndo kitu kidogo ambacho mafundi wanakiruka, kipande cha bomba cha bei ndogo, na bila hicho mafuta yanaenda moja kwa moja kuziba sokapiti. Simama pale siku inawekwa. Venti paipu ipande mpaka juu ya bati. Kila chumba kiwe na mfuniko wake wa kufungulia, sio slabu nzima ya kuvunja.

Karo jipya lijazwe maji kabla ya kufukiwa, liache siku nzima ya kunywea, ongeza, kisha angalia kama yanashuka.

Na liweke mahali gari linafika. Mpira wa gari la kunyonya una urefu wake, na kwenye mitaa ya milimani gari linaishia barabarani. Kina pia kina mipaka. Usawa wa bahari gari likivuta utupu kamili maji yanapanda mita 10, huku kwetu Mbeya mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi, inabaki mita 8 na kitu kinadharia, na kiuhalisia ni chini ya hapo kwa sababu tope sio maji na pampu haifikii utupu kamili. Kwaiyo lile shimo la futi 30 fundi anajisifia kuwa halitajaa maishani, siku likijaa hakuna gari la kulitoa.

Kunyonya usisubiri chooni kugome. Chukua mti mrefu, ufunge kitambaa cheupe mwisho, ushushe taratibu mpaka chini ya chumba cha kwanza, subiri dakika chache, vuta. Sehemu iliyochafuka nyeusi ndo kina cha tope. Tope likifika theluthi ya kina, piga simu gari, na likija mwambie asinyonye juujuu maji tu, alichokuja kuchukua ni lile la chini. Muulize pia anamwaga wapi. Anayemwaga mtoni au kwenye shamba la mtu usimpe kazi.

Mafuta ya kupikia, pampasi, taulo za kike, mchanga wa kusugulia sufuria, vyote hivi visiingie, iwe karo au bomba. Asidi ya kusafishia masinki usimwage kwa wingi, inaua bakteria wanaokufanyia kazi bure. Wenye mgahawa au mama lishe anayepika uani, jengeeni chemba ya kunasa mafuta kabla ya maji ya jikoni kuungana na ya choo, na muichote kila wiki.

Na hili naliandika peke yake. Mtu yeyote asiingie ndani ya karo au shimo, hata limeshanyonywa, hata dakika moja kufuata simu iliyodondoka. Gesi ya humo huwezi kuiona, na ikiwa nyingi hata harufu yake pua inaacha kuisikia. Anaanguka wa kwanza, mwenzake anaingia kumuokoa, anaanguka wa pili. Ukikuta mtu ameanguka humo usiingie, ita Zimamoto kwa 114, na wakati unasubiri zuia wengine wasishuke.

Karo la zamani baada ya kuunga

Wengi wanaunga bomba alafu karo la zamani wanaliacha limefunikwa. Usiliache. Kwanza hakikisha laini mpya imelipita pembeni, sio maji yanaingia karoni kisha ndo yanatoka kwenda bombani, isipokuwa kama mamlaka yenyewe imekuambia mtandao wa mtaa wako ni wa maji yaliyochujwa na karo libaki. Ita gari linyonye lote. Toboa sakafu yake kwa nondo ukiwa juu, ili maji ya mvua yasikae ndani, kisha jaza vifusi na mchanga kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe na kumwagiwa maji, mpaka juu. Nondo za slabu zinaoza kwa gesi ile miaka yote, na slabu ya karo tupu ikivunjika ni mtoto anacheza juu yake au gari linageuza.

Mwisho wa kazi chukua karatasi, chora nyumba, chora kila chemba na umbali wake kutoka kona ya ukuta, kina cha bomba, menholi uliyoungia na karo lililofukiwa lilipo. Piga picha mtaro kabla haujafukiwa, tepu ikiwa imelala pembeni. Nakala moja weka pamoja na hati ya kiwanja, nyingine mpe mtu atakayebaki na nyumba.